Jina la Mama Mkwe Redioni

Jumamosi asubuhi, mjini Wewak, Alois alikuwa ameketi kibarazani akitafuna tambuu. Alikuwa ameridhika kama askofu aliyemaliza misa. Mkewe, Ludwina, alikuwa jikoni akikaanga maandazi. Mtoto wao wa miezi sita alikuwa mkekani, akiula mkeka.

Mtoto huyo hakuwa na jina. Jina lake lilikuwa mbali, kando ya Mto Sepik, katika kijiji cha Kambrauli. Bibi yake mzaa mama alikuwa ameahidi kumpa jina siku atakayempakata. Bila safari, hakuna jina. Wote walimwita Mtoto tu.

"Safari nimeshaipanga," Alois alisema. "Fungua redio usikie kazi ya mwanamume."

Kambrauli simu hazishiki, ila juu ya kilima kimoja. Ndiyo maana watu hutuma ujumbe redioni, na kijiji kizima husikiliza. Mtangazaji akakohoa. Akasema Alois wa Wewak anakuja Ijumaa na familia yake, naye anaomba mtumbwi wa kumpokea Pagwi, barabara inapoishia mtoni. Kisha akamtaja anayepelekewa ujumbe. Alikuwa mama mkwe. Alitajwa kwa jina lake lote, polepole, mara mbili. Sisi hapa hatutalitaja, maana tumelelewa vizuri.

Ludwina akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umemtaja mama yangu kwa jina!"

"Mimi? Mdomo wangu umejaa tambuu. Aliyemtaja ni mtangazaji."

"Na aliyemwandikia mtangazaji ni nani?"

Watu wa mtoni hawataji jina la mkwe, hata ndotoni. Alois alilijua hilo vizuri sana. Alidhani tu kwamba kosa likipitia mdomo wa mtu mwingine, linakuwa la huyo mwingine.

Mchana simu ikalia. Alikuwa Gawi, kaka yake Ludwina. Alikuwa akihema, kwa sababu alikuwa amepanda kilima.

"Shemeji, hongera," Gawi alisema. "Umekuwa maarufu. Mama amejifungia ndani kwa aibu. Amesema hakuna mtumbwi."

"Na jina la mtoto je?"

"Jina gani tena? Si unayagawa majina bure redioni?"

Ludwina akambeba Mtoto, akaingia ndani. Alois alimsikia mkewe akilia. Maandazi yakabaki mezani, hakuna aliyeyagusa. Hapo ndipo Alois alipojua kwamba mambo ni mazito.

Jioni akaenda kwa jirani yao, Sista Kamila. Alikuwa muuguzi wa kliniki, naye alizaliwa mtoni huko huko. Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"Pole, kaka. Sasa nisikilize. Ujumbe wako ungepitia kwa Gawi. Kwa wakwe zako, yeye ndiye mlango. Wewe umerukia dirishani."

"Nifanye nini, Sista?"

"Mpigie Gawi. Atakuombea msamaha kwa mama. Ukifika, usiende mikono mitupu. Peleka jogoo, tena mkabidhi Gawi, yeye atampelekea mama. Wewe kaa chini, unyamaze."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka usemeshwe. Najua utaumwa." Sista akamtazama. "Haya, na mtoto atalala chini ya nini?"

"Chini ya paa."

"Mbu wa mto ule hawajali paa! Jumatatu njooni kliniki, niwape chandarua chenye dawa. Mtalala ndani yake nyote. Akipata homa, msingoje wala msibahatishe vidonge. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, akapimwe damu."

"Sawa."

"Tafuteni na majaketi ya kuelea. La mtoto liwe dogo, limkae sawasawa."

"Mimi najua kuogelea, Sista."

"Magogo ya mtoni hayana habari hiyo. Ondokeni Pagwi mapema, giza lisiwakute majini. Na ukitaka kuipiga picha nyumba ya mizimu ya kijiji, waombe wazee wake kwanza. Wakikataa, simu ibaki mfukoni."

Alois akampigia Gawi usiku ule ule, akamkuta bado yuko kilimani akiwasimulia jamaa wengine kisa hicho. Aliomba msamaha bila kumlaumu mtangazaji, jambo ambalo lilimgharimu sana. Baada ya siku mbili Gawi akapanda tena kilima. "Mtumbwi utakuja," alisema. "Lakini mama hajatabasamu bado."

Ijumaa asubuhi wakaondoka Pagwi kwa mtumbwi, jua likiwa bado chini. Wote walivaa majaketi. Katikati ya mto, gogo likagonga ubavu wa mtumbwi. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia, kisha ukakaa sawa. Alois akakaza kamba za jaketi lake kimya kimya.

Kambrauli, watu wote walikuwa ukingoni. Hakuna aliyetaka kukosa kumwona mtu wa redio. Alois akamkabidhi Gawi jogoo. Akakaa chini. Akanyamaza. Ludwina alikuwa hajaona muujiza kama ule tangu waoane.

Mama mkwe akatoka ndani. Hakumtazama Alois. Akampokea Mtoto, akamnusa kichwani, akamgeuza huku na huku. Mtoto akamshika pua. Bibi akacheka.

"Gawi," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mwambie yule bwana aliyekaa pale kwamba mtoto nimempa jina. Nimempa langu."

Ukingo mzima ukaangua kicheko. Alois akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga.

Walikaa wiki nzima. Kila usiku walilala ndani ya chandarua, na hakuna aliyeugua. Waliporudi Wewak, Sista Kamila akaja kumpima mtoto. Alikuwa mzima, tena amenenepa.

"Haya, baba mtu," Sista akasema, "binti yako anaitwa nani?"

Alois akamtazama Sista, akamtazama binti yake.

"Muulize mama yake," akasema.