Sifa za Mwalimu Mellen

Mikono ya watu wawili ilishika mkebe mmoja mtupu wa siagi, nyuma ya duka la jumla katika soko la Migori, Jumamosi moja ya mwaka 1996 watu wakiwa wamejaa kama siafu.

"Huo ni wangu, mwalimu," alisema msichana.

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Kalamu tatu mfukoni, chaki kwenye kiwiko. Na nani mwingine ataokota mikebe akiwa na suruali ya pasi namna hiyo?"

Javan alicheka. Yeye alikuwa Mjaluo wa Homa Bay, kazi yake kuzunguka shuleni akiwaonyesha walimu namna ya kufundisha watoto wadogo Kiingereza kwa michezo. Msichana mwenyewe, mwenye gauni la buluu lenye kola nyeupe na nywele zilizosukwa mistari hadi kisogoni, alikuwa Mellen Nchagwa, mwalimu wa darasa la kwanza hapo hapo Migori. Mkebe aliutaka kwa duka lake la mchezo la darasani. Javan akamwachia mkebe na, tuseme ukweli, akamwachia na moyo.

Wiki iliyofuata alienda kuliona duka hilo. Siku zile, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani shuleni alivishwa kibao shingoni, akashinda nacho kwa aibu. Mellen alikigeuza kibao hicho. Kwake, aliyekivaa ndiye mwenye duka, na wengine hawapati hata pakiti tupu ya majani ya chai mpaka waombe kwa Kiingereza.

"Siku ya kwanza nilitamani kulia," Mellen alimweleza. "Wote walipiga Kikuria na Kijaluo makusudi, kila mmoja anataka avishwe! Ndio nikabadilisha, anayeomba vizuri ndiye anavaa."

Asubuhi hiyo katoto ka kike ambako hakakuwa kamesema neno tangu Januari kalisimama mbele ya meza, kakanong'ona, "Please, may I have sugar?" Darasa zima likapiga makofi. Javan aligeuka dirishani machozi yake yasionekane.

Kutoka hapo alipiga simu kila Ijumaa kutoka ofisini kwake Homa Bay. Mellen alipokelea ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Okemwa, ambaye alijifanya anasoma gazeti.

"Nyar Kuria, binti wa Kikuria, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, samaki hawajaisha huko kwenu?"

"Nimebakisha mmoja. Anangoja mtu wa kumpika."

"Basi ataoza. Mimi nikija nakuja kula, si kupika."

Gazeti la Mwalimu Okemwa lilitikisika kwa kicheko.

Kilichomponza Javan ni mdomo wake. Kila mkutano wa walimu ni Mellen, kila semina ni Mellen na duka lake. Wakubwa wakasikia, wakaamua kwamba mwalimu wa aina hiyo apelekwe Lodwar, kule jangwani kaskazini, miaka mitatu, akawafundishe walimu wenzake. Habari zikamfikia Javan. Ijumaa hiyo alipiga simu.

"Anasema ana kazi," alijibu Mwalimu Okemwa kwa huruma.

Ijumaa ya pili jibu lilikuwa lile lile, Javan akafunga safari. Alimkuta Mellen darasani peke yake, anapanga mikebe.

"Umekuja kuhakikisha nimefunga mizigo?"

"Mellen, jaber, mrembo wangu, nisikize."

"Usiniite jaber! Mama yako hataki mke Mkuria, ukaona njia ya adabu ni kunisifu mpaka nifike jangwani."

"Mama hata hajui jina lako!"

"Si ndiyo hiyo? Hata jina hajui."

Kila alichosema kilizidi kumzamisha. Hapo Mwalimu Okemwa akachungulia mlangoni. Kulikuwa na simu ya Javan, kutoka kwa mkubwa wake. Mellen aliwafuata nyuma, na simu ile ya zamani ilipaza sauti chumba kizima.

"Javan, naambiwa huyo binti ni mchumba wako. Kama ulizidisha sifa, sema sasa. Nitatafuta mwingine, yeye abaki Migori."

Neno moja tu. Javan alimtazama Mellen na roho ikamuuma sana. Angembakisha kwa neno hilo, na kwa neno hilo hilo kazi yote ya Mellen ingeonekana porojo za mpenzi.

"Sikuzidisha, bwana," alisema. "Nilipunguza."

Akaweka simu chini. Mwalimu Okemwa alikunja gazeti lake, akatoka taratibu.

"Ungeweza kunizuia," alisema Mellen.

"Ningeweza. Kwa kukusingizia. Nimekupoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, Mellen, na sasa sina la kufanya. Desemba nitakuja kwa baba yako, na mama nitamleta. Lakini miaka mitatu ni mingi, na nakupenda, na sijui nitaikaa vipi."

"Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nataka kwenda."

"Unataka?"

"Nataka!" Sauti ilimkatika. "Nataka sana, na ndiyo inaniua. Nilikukasirikia wewe kwa sababu ni rahisi kuliko kujikasirikia mimi." Alimshika kola ya shati. "Niambie nibaki. Nitakataa, lakini niambie, hata mara moja tu."

"Baki," alisema Javan.

"Siwezi," akajibu Mellen, na wakakumbatiana pale ofisini wakilia wote wawili.