Ngazi za Uwanja wa Tillery

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya mashamba ya pamba ya Tillery, Corliss Gaines alivushwa barabara ya shule na Bi Opal. Bi Opal alivaa fulana ya njano inayong'aa. Akiinua tu kibao chake cha SIMAMA, malori ya kuku yalitulia kama watoto walioitwa na mwalimu mkuu.

"Viatu vyako vinacheka, Corli," alipenda kumwambia. "Mwambie kaka yako mwenye miguu ya dhahabu akununulie vingine."

Kaka huyo, Marcellus, alikuwa tegemeo la timu ya chuo cha mjini, katika mpira ule wa kubebwa mikononi na kukimbizwa. Kila Jumamosi mji mzima ulivaa namba yake mgongoni.

Asubuhi moja ya Septemba Bi Opal hakuwepo barabarani. Alikuwa amegongwa na pikapu gizani, akielekea kazini, na dereva hakusimama. Nyonga yake ilivunjika vibaya.

Corliss alimjua dereva. Alfajiri ile alikuwa dirishani akisuka nywele alipomwona Marcellus akiingia uani na pikapu yake, taa moja imepasuka. Alishuka akiyumba, akaanza kuosha boneti. Alipoinua macho, wakatazamana.

"Hukuona kitu, mdogo wangu. Sawa?"

Corliss akaitikia kwa kichwa. Marcellus akawasha gari tena, akaenda kulitelekeza kando ya mto.

Polisi walilipata na kumfungulia mashtaka. Yeye akasema liliibiwa usiku. Jioni Kocha Stancil akaja nyumbani na tai yenye rangi za chuo, akakaribishwa pai ya pichi.

"Mashtaka si hukumu, Mzee Gaines," alisema akijifuta mdomo. "Mahakama ina kazi yake, sisi tuna nidhamu yetu. Kijana atapanda ngazi za uwanja kila alfajiri mpaka atapike. Na Jumamosi hii hachezi."

"Jumamosi hii mnacheza na kile chuo cha wachungaji," baba alisema. "Hata mimi na goti langu bovu ningewafunga."

Kocha alicheka. Baba hakucheka. "Mama yao alipokufa sikumwona hata mmoja wenu mlangoni hapa. Leo njia mnaijua." Akamgeukia mwanawe. "Nitazame. Ni wewe uliyekuwa unaendesha?"

"Hapana, Baba."

Baba alimwamini. Corliss alikusanya sahani, akaenda kuziosha.

Marcellus alipanda ngazi mpaka akatapika, kama alivyoahidiwa. Chuo cha wachungaji kikafungwa bila yeye. Kocha akawaambia waandishi kwamba kijana ameshalipa, na kwamba mechi inayofuata, dhidi ya mahasimu wao wakubwa, atacheza.

Kabla ya mechi hiyo Corliss alikwenda hospitali na maua ya uani. Bi Opal alikuwa amepungua, mdogo kitandani kama mtoto.

"Nani anawavusha siku hizi?" aliuliza.

"Hakuna, Bi Opal. Tunakimbia tu."

Bi Opal akageuza uso ukutani, na mabega yake yakatikisika. Corliss hakula chochote siku ile.

Jumamosi moshi wa nyama choma ulijaa nje ya uwanja. Kama desturi, wachezaji waliteremka kwenye basi na kupita katikati ya watu kwa mstari mmoja, wamevaa suti, wakigusa mikono iliyonyooshwa na watoto. Corliss alikuwa mbele kabisa, kando ya baba. Marcellus alipomfikia alinyoosha kiganja akitabasamu.

Corliss hakutoa mkono.

"Corli, mkono. Usinitie mkosi."

"Bi Opal ameniuliza nani anatuvusha," Corliss alisema. "Nilikuona ukiosha boneti, kaka. Siwezi tena."

Baba alisikia. Akamtazama mwanawe. Nyuma mstari ulikuwa umesimama.

"Gaines, tembea," Kocha alisema.

Marcellus aliutazama mlango wa uwanja, kisha akalegeza tai. "Baba," alisema kwa sauti ndogo, "nipeleke polisi."

Alikiri, akafungwa. Chuo kikamwondoa, na Kocha akatangaza kwamba kwake yeye nidhamu imekuwa mbele siku zote. Bi Opal alirudi nyumbani akitembea kwa fremu ya chuma. Barabarani hakurudi tena.

Kibao chake sasa alikishika baba, akitoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, macho mekundu. Asubuhi moja Corliss alimuuliza kama ana hasira naye.

"Nina hasira na wakubwa wale wa chuo, na mimi mwenyewe niliyeuliza mara moja nikaridhika," baba alisema. "Wewe, mwanangu, ulichelewa, lakini ulisema. Kumpenda mtu si kumfichia. Kaka yako alipanda ngazi zote zile ili Kocha aridhike, na hakuna hata moja iliyomfikisha kwa Bi Opal. Ukimkosea mtu, nenda kwake yeye, kabla hujaenda kwingine."

Akainua kibao. Malori yakasimama, na Corliss akavuka.