Klipu Iliyotumbukia Majini

Kila alasiri Kimbelembele alipotoka shuleni, alitupa mkoba kitandani, akabadili sare na kuteremka mtoni kumsaidia mama yake, aliyekuwa akivusha watu kwa mashua ya injini. Jina hilo alipewa na mjomba wake, fundi wa injini, kwa sababu hakuna kazi iliyotajwa ambayo msichana huyo hakuirukia kabla ya wengine.

Siku hiyo mjomba alikuwa akifunga mfumo mpya wa mafuta. Dumu la zamani, lililokuwa likiteleza miguuni mwa abiria, lilikuwa limekwisha kutupwa. Tangi jipya lilifungwa kwa mikanda nyuma ya mashua, mbali na betri. Kutoka hapo paipu ilipita kwenye chujio na pampu ya mkono mpaka kwenye injini, na kila kiungo kilikazwa kwa klipu ya chuma.

"Mjomba, za mwisho niachie mimi!"

"Haya, Kimbelembele. Zimebaki mbili. Ukimaliza niite nizikague."

Ya kwanza ilikaa sawasawa. Ya pili ilimponyoka, ikatumbukia mtoni chubwi! Aibu ikamshika. Baada ya kuiomba kazi mwenyewe, angemwambia nini mjomba? Nyumbani kwao kila kilicholegea kilifungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli: mpini wa jembe, mguu wa kiti, hata ndara za mjomba mwenyewe. Basi akaokota ukanda mmoja, akauzungusha kwenye paipu na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Ulikaza barabara. Akaufunika kwa turubai.

Mara mama akaja. "Mjomba wako ameitwa kwingine. Umekaza zote?"

"Zote, Mama."



Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Abiria walipanda mapema, na bibi yake, aliyekuwa anakwenda zahanati, akakalishwa nyuma karibu na tangi. Mama akabinya pampu, kisha akashika kamba ya kuwashia injini. Kimbelembele, aliyesimama ukingoni, akasikia harufu ya petroli. Alimtazama bibi yake, na woga ukaishinda aibu.

"Mama, usivute! Klipu moja iliniponyoka majini! Nimefunga mpira!"

Mama akaiachia kamba kama imemchoma. Abiria wote wakateremshwa, mjomba akaitwa. Alipofunua turubai aliukuta ukanda umevimba na kulainika, na petroli inadondoka ndani ya mashua.

"Petroli hula mpira wa namna hii," alisema, akijifuta jasho. "Cheche moja tu, tungekuwa tunasema mengine. Na mimi nimekosea, niliondoka bila kukagua."

"Kumbe ningefika zahanati nimeshaiva!" bibi akadakia. Watu wakaangua kicheko. Kimbelembele alicheka na kulia kwa pamoja, maana mzigo mzito ulikuwa umemtoka kifuani.

Walikausha petroli yote kwa matambara, wakaiacha mashua ipigwe na upepo mpaka harufu ikaisha. Kimbelembele akafunga klipu mpya mwenyewe, mjomba akiwa amemwinamia. Pampu ikabinywa tena. Mjomba alipitisha kidole kwenye kila kiungo, vyote vilikuwa vikavu. Mama akavuta kamba, injini ikanguruma, na abiria wakapiga makofi.

Mama akamwita karibu. "Klipu kupotea si kosa. Hata mimi zimenipotea nyingi. Kosa lilikuwa kusema 'zote'. Mwanangu, mimi nikikuuliza kama umekaza, nawasha injini kwa jibu lako. Leo umesema kweli kabla sijavuta kamba, ndiyo maana bibi yako bado anatutania. Siku nyingine sema pale pale, hata kama unaona haya."

"Nimeelewa, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Panda twende, bibi amekuwekea nafasi."