Anaclet iko

Haya yalimupata Noëlla, rafiki yangu wa kanisani, wakati wa vita ya pili ya kwetu. Askari walikuwa wamemuchukua bwana yake, Anaclet, kwenye njia ya Mudaka. Padri alitaka kifo chake kitangazwe kwenye site ya parokia, ile ya internet, kabla ya kusoma misa. Site hiyo Anaclet mwenyewe ndiye aliijenga, kwa kidole kimoja, akigonga kama anapigilia musumari.

Kule cyber ya Willy, ya kulipia internet, huko Kadutu, mashine ikakataa neno la siri la bwana yake, ikasema: Anaclet ameshaingia. Noëlla akatukana, akajaribu tena, ikafunguka. Akaandika «Anaclet alikufa», akatangaza. Ukurasa ukatoka: «Anaclet iko.»

«Willy, mashine yako ni punda!»

«Maman, pengine umekosea kuandika.»

«Mimi mujane sijui tofauti ya kufa na kuwako?»

Akafuta, akaandika upya. «Iko» ikarudi. Akapiga meza ngumi.

«Anaclet! Ulinisumbua ukiwa muzima, haikutosha?»

Umeme ukakatika. Willy akatoka kuwasha jenereta, Noëlla akabaki peke yake gizani, mikono kichwani.

Mbele yake clavier ya mashine iliyozimika ikagonga, polepole, kwa nguvu, herufi tatu, kwa kidole kimoja.