Jani Jekundu la Kanada

Baridi ya asubuhi ya Timau, chini ya Mlima Kenya, huuma vidole, na Kathure aliijua vizuri kwa sababu kazi yake ya kwanza kila siku ilikuwa kuosha ndoo za maziwa. Baba yake, Mzee Kaberia, alikuwa zizini akikamua ng'ombe. Mama alikuwa ameshaondoka kwenda shamba kubwa la maua, ambako alifanya kazi ya kupanga waridi masandukuni. Jikoni, dada yake Kendi alikoroga uji kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika simu.

"Umeamua?" Kathure aliuliza, kama alivyouliza jana na juzi.

"Bado. Osha ndoo," Kendi alijibu.

Kendi alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya biashara ya kimataifa, tena si katika nchi moja bali mbili. Chuo kimoja kilikuwa Kanada na kingine Uholanzi. Vyote viwili vilikuwa tayari kumlipia karo, na vyote vilitaka jibu kabla ya Ijumaa kuisha. Nyumbani walikuwa bado hawajakubaliana. Baba alikuwa ametoa amri moja tu: neno hilo lisitoke nje ya nyumba hadi wakae wote mezani, waamue pamoja na kumwomba Mungu. Baada ya hapo, yeye mwenyewe, mzee wa kanisa, ndiye angelitangaza. Kathure aliitikia "ndiyo, Baba" kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa mtoto mwema, ila ulimi wake ulikuwa na haraka zake.

Jumatatu hiyo, wakati wa mapumziko, alikaa na rafiki yake Gatwiri nyuma ya darasa la gredi ya saba. Gatwiri alikuwa na mjomba aliyeishi Kanada, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau jambo hilo. Kalamu yake ilitoka Kanada. Mkoba wake ulitoka Kanada. Hata soksi zake, ukimwuliza, zilitoka huko huko.

"Kwani Kendi alimaliza shule akakaa tu?" Gatwiri aliuliza. "Kila nikipita kwenu namwona anavuna viazi. Mjomba wangu akiwa umri huo alikuwa ashafika Kanada."

Kathure alihisi uso ukimwaka. "Hata Kendi anaenda Kanada," alisema.

"Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe. Ashaamua. Sasa anatafuta tu sweta nzito, si unajua huko kuna theluji?"

Gatwiri aliirudisha kalamu yake mkobani. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakumtaja mjomba wake, na Kathure aliona raha isiyo na kifani. Raha yenyewe ilidumu hadi kengele ilipolia. Darasani alianza kujiuliza kwa nini alisema "yeye mwenyewe".

Siku mbili zilipita kimya, naye akadhani maneno yale yamekufa. Lakini Jumatano jioni Baba alirudi kutoka kituo cha maziwa bila kusalimia mtu. Aliweka ndoo chini, akavua kofia na kuketi.

"Kendi," alisema, "huko Kanada unaenda lini?"

Kendi aliinua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Kanada? Baba, bado hatujaamua."

"Hatujaamua? Kituoni wote wameniita Baba Kanada. Mama Gatwiri amenishika mkono akanipongeza. Anasema wewe mwenyewe ulitangaza, na kikundi cha akina mama kinakufumia sweta. Mimi nikasimama pale kama mgeni. Binti yangu anaenda ng'ambo, na mimi naambiwa na watu wa maziwa."

"Sijasema, Baba. Sijamwambia mtu yeyote."

"Kwa hivyo Mama Gatwiri ni mwongo?"

Kathure alikuwa kwenye kona akisugua sufuria. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alifungua mdomo, akauona uso wa Baba, akaufunga tena. Alisugua sufuria ile ile ambayo ilikuwa imeshatakata kitambo.

"Mimi nilitaka Uholanzi," Kendi alisema polepole. "Nilitaka nikueleze kwa nini."

"Ungenieleza kabla hujawaeleza majirani," Baba alisema. "Siwezi kusimama kanisani kusema binti yangu ana maneno mawili. Utaenda ulikotangaza. Kama hutaki, shamba la viazi liko hapa."

Mama aliporudi, alijaribu kumtuliza. "Baba Kendi, msikilize mtoto kwanza." Lakini Baba alikuwa ameshainuka kwenda zizini, ingawa ng'ombe hawakuwa na shida yoyote.

Siku iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Baba na Kendi walivuna viazi shamba moja tangu asubuhi bila kusemezana. Kathure alipotoka shuleni aliwakuta hivyo, kila mmoja na mtaro wake, migongo imegeukiana. Shuleni nako Gatwiri alikuwa amemletea habari: sweta ilikuwa tayari. Mama yake alikuwa ametarizi jani kubwa jekundu kifuani, kama lile lililo kwenye bendera ya Kanada, na akina mama wangeileta kesho jioni waombe pamoja na familia.

Jioni Kendi alimwita Kathure kando, karibu na tangi la maji.

"Nikuulize kitu, na usikasirike," alisema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Ni wewe uliyemwambia Gatwiri?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Hapakuwa na mtu mwingine pale.

"Si mimi," Kathure alisema.

Kendi alimtazama kidogo, kisha akamgusa bega. "Nilijua. Nisamehe hata kukuuliza, nimechanganyikiwa tu."

Kathure alibaki penye tangi peke yake. Afadhali Kendi angemzaba kofi. Sasa uongo ulikuwa umezaa mwingine, na wa pili ulimwuma kuliko ule wa kwanza kwa sababu ulikuwa umeaminiwa. Alichukia soksi za Gatwiri, akamchukia Gatwiri, na mwishowe akaona kwamba anayepaswa kuchukiwa ni mmoja tu. Chakula cha jioni alikisukumia kando. Mama alimpima homa kwa kiganja na kusema hana homa.

Ijumaa jioni akina mama walifika, wanne, wakiongozwa na Mama Gatwiri. Gatwiri mwenyewe alikuja naye, akiwa amevaa nguo za Jumapili. Mama aliwapa chai, akawaambia kwamba Kendi anatuma jibu la chuo jioni hiyo. Baba aliwakaribisha kwa adabu, lakini hakutabasamu. Kendi aliketi karibu na mlango, simu mapajani. Kathure aliichungulia, akaona jibu limeshaandikwa: Kendi alikuwa anakubali nafasi ya Kanada na kuikataa ya Uholanzi. Lilikuwa linangoja kutumwa tu.

Mama Gatwiri aliikunjua sweta. Ilikuwa ya sufu nzito ya kijivu, na jani jekundu lilijaa kifua kizima. Alimvika Kendi kwa mikono yake mwenyewe.

"Imemkaa," alisema. "Mtoto wetu hatasikia baridi huko. Baba Kendi, sasa tuombee, kisha atume hilo jibu tukiwa hapa."

Kendi alisema asante. Sauti yake haikufika katikati ya chumba. Baba alisimama, akina mama wakainamisha vichwa, na Kathure akaona kidole cha dada yake kikiwa juu ya simu. Aliona jambo moja waziwazi: maombi yakiisha, kidole kile kitabonyeza, na Kendi ataishi miaka mingi mahali ambapo hakupachagua, kwa sababu ya maneno ya nyuma ya darasa.

"Tuombe," Baba alisema.

"Baba, usiombe kwanza."

Vichwa vyote viliinuka. Kathure alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

"Kendi hakusema anaenda Kanada. Ni mimi nilisema. Nilimwambia Gatwiri, nikasema ni Kendi mwenyewe ametangaza. Hata habari ya sweta niliitunga mimi." Alimtazama dada yake. "Na jana Kendi aliniuliza, nikamwambia si mimi."

Kikombe cha mtu kiligonga sahani. Gatwiri alitazama viatu vyake. Mama Gatwiri aliangalia sweta aliyoifuma kwa ajili ya jambo ambalo halikuwapo, akavuta leso yake mabegani. Kathure alitamani ardhi immeze.

"Kwa nini?" Baba aliuliza.

"Niliona aibu. Gatwiri ana mjomba Kanada, na mimi sina mtu."

Baba alikaa chini. Alipozungumza, hakumtazama Kathure bali Kendi.

"Ulitaka kunieleza kwa nini Uholanzi. Nieleze sasa."

Kendi alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Baba, waridi anazopanga Mama zinaenda huko. Kuna soko kubwa huko la kuuza maua, na bei inaamuliwa huko, lakini sisi hapa Timau hatujui inaamuliwa vipi. Chuo cha Uholanzi kinafundisha biashara ya mazao, na mwaka wa tatu wanafunzi wanafanya kazi kwa kampuni za kuuza nje. Kanada ni nchi nzuri, lakini kozi waliyonipa ni ya mambo ya benki. Nataka nisome kule zinakofika waridi na njegere za Timau, halafu nirudi."

Baba alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuta lango lake limefungwa na yeye mwenyewe ndiye mwenye ufunguo.

"Hayo ningeyasikia Jumatano kama ningeuliza," alisema. "Nilisikiliza watu wa maziwa kabla ya kusikiliza mtoto wangu. Nisamehe, Kendi. Futa hilo jibu. Andika Uholanzi."

Kendi aliandika upya pale pale, akamwonyesha Mama, akamwonyesha Baba, kisha akabonyeza. Ndipo Baba alipoomba. Maombi yalikuwa mafupi.

Akina mama walipokuwa wakiaga, Kathure alimwendea Mama Gatwiri na kuomba msamaha. Mama huyo hakumkumbatia wala kumkaripia. Alimvua Kendi ile sweta na kumkabidhi Kathure.

"Kesho njoo kwangu asubuhi," alisema. "Hili jani utalifumua wewe, uzi kwa uzi. Usikate hata mmoja."

Kufumua kulichukua Jumamosi karibu nzima. Vidole vilimwuma Kathure, na shingo pia. Mchana Kendi alikuja, akaketi kando yake bila kusema neno na kuanza kuviringisha ule uzi mwekundu kuwa donge. Uzi ulikuwa umejaa mikunjo.

"Umeharibika?" Kathure aliuliza.

"Haujaharibika," Mama Gatwiri alijibu. "Tutauosha na kuuanika, utanyooka, lakini si leo. Na wewe ni hivyo hivyo, mwanangu. Ukisema kitu sasa, watu watakiangalia mara mbili. Usinung'unike. Sema kweli leo, sema kweli kesho, hata pale kweli inapokufanya uonekane mdogo. Siku moja utasema neno na hakuna atakayeuliza kama ni kweli."

"Ndiyo, Mama," Kathure alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Kifua cha sweta kilibaki kijivu kitupu. Mama Gatwiri alimpa sindano ili atarizi ua la waridi pale jani lilipokuwa. Mshono wake wa kwanza ulienda upande. Kendi alimtazama akiufumua na kuanza tena, kisha akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu aketi.

"Shona vizuri," alisema. "Hata Uholanzi kuna baridi."