Aliyeushika Moyo wa Ugbad

Harufu ya ubani ilimjia Osob maabara, saa nne asubuhi, mahali ambapo hata kiberiti hakiruhusiwi. Akanusa mikono yake, akanusa koti lake jeupe. Mwishowe akanusa kichupa cha damu alichokuwa akikipima.

Damu ilikuwa ya mdogo wake, Ugbad, aliyeletwa hospitali hiyo ya Garissa kutoka Lafey siku ya tano baada ya kujifungua, maambukizi ya kizazi yameshasambaa mwilini.

Majibu aliyapeleka wodini mwenyewe. Kabla hajasema neno, Ugbad, macho kayafumba, akatoa sauti nzito ya kiume: "Kipimo cha moyo kimepanda mara tisa. Sivyo?"

Mara tisa kamili. Na karatasi ya majibu Osob alikuwa bado hajaikunjua.

"Wewe nani?" akanong'ona.

"Niliyemshika. Moyo wake umechoka, naupigisha mimi. Nikitoka, utasimama."

Daktari alisema ni homa, mgonjwa anaweweseka. Lakini alipotazama tena vipimo akakuna kichwa. "Dawa zote tumempa, Osob. Moyo huu sijui unaendeshwa na nini."

Mama yao hakuhitaji kuambiwa. Alishaisikia ile sauti, akamwita Sheikh Mursal.

"Hooyo, tusubiri kidogo," Osob alimsihi mama.

"Tusubiri nini? Shetani akae ndani ya mtoto wangu?"

Osob angemteteaje jini mbele ya Qur'ani? Sheikh akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo ubani ulivyozidi kukolea, ukajaa wodi nzima mchana ule wa jua kali, wagonjwa wakajifunika nyuso kwa mitandio, kitanda kikaanza kugonga ukuta, na Ugbad, ambaye tangu jana hakuweza hata kuinua kidole, akaketi wima, akamgeukia dada yake.

"Osob," ile sauti ikaomba, sasa imejaa woga. "Mwambie anyamaze. Mtamuua."

Osob alifungua mdomo.

Sheikh akapaza sauti kwa aya ya mwisho. Kitanda kikatulia. Harufu ikakatika ghafla, ikabaki ya dawa tu. Ugbad akalala chali, uso umelainika kama wa msichana mdogo.

"Ametoka," sheikh akasema, akijifuta jasho. "Alhamdulillahi."

Mama akaangua kilio cha furaha. Osob aliinama, akaweka kiganja kwenye kifua cha mdogo wake, akangoja moyo upige, akangoja, huku mama akimshukuru sheikh.