Picha Namba Kumi na Nane

"Binti, namba kumi na nane ni wewe mwenyewe," alisema Mzee Hermenegildi, ameuinua mkanda wa nega kwenye mwanga wa dirisha.

"Siyo mimi, mzee. Kumi na nane ni Digna."

"Mimi napiga picha hapa Ifakara tangu hujazaliwa. Njoo uangalie."

Kandida alicheka tu. Alikuwa na haraka zake. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane, mwaka tisini na saba, na zimebaki siku tisa afunge ndoa na Kasmiri. Kanisani walishatangazwa Jumapili mbili, imebaki moja. Mwalimu Dorotea alikuwa amemtangulizia zawadi: boksi la nega zote za kikundi chao cha zamani, zile filamu za kinyume ambazo meno huonekana meusi na nywele nyeupe, achague picha moja ikuzwe aitundike sebuleni. Alitaka maporomoko ya Sanje. Maji na mawe, basi.

Akainama kwenye lenzi ya mzee.

Msichana amesimama juu ya jiwe. Kitenge kiunoni. Mkononi ameshika kiatu kimoja, kamba yake inaning'inia.

Siku ile aliyekatikiwa na kiatu mlimani alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe.

"Na msichana mwenye kofia, anayecheka? Yuko namba ngapi?" aliuliza.

Mzee akauvuta mkanda taratibu. "Huyu hapa. Ishirini na nne."

"Mungu wangu! Mzee, nisafishie hiyo kumi na nane. Hata kwa nyeusi na nyeupe."

"Rudi saa tisa."

Sasa msomaji wangu, ili uelewe kwa nini binti wa watu alitoka dukani pale akapishana na mama yake mzazi bila shikamoo, turudi nyuma miaka mitatu.

Enzi hizo kamera Ifakara ulikuwa unazihesabu kwa vidole. Mwalimu Dorotea alikuwa nayo moja, na alikuwa na roho ya kugawana. Akakusanya vijana watano, Kandida na Digna wakiwemo, kila mwezi Jumamosi moja wanapanda basi la alfajiri kwenda milima ya Udzungwa, na askari wa hifadhi akiwaongoza. Wanapanda, wanapiga picha, jioni wanarudi miguu imevimba na roho nyeupe. Mkanda ulikuwa mmoja wa picha thelathini na sita, watu sita, kwa hiyo kila mtu picha sita. Namba zote Mwalimu anaziandika kwenye daftari.

"Atakayezidisha, safari ijayo anabeba maji ya wote!" ndiyo ilikuwa sheria yake.

Jamani, picha sita! Leo mtu anapiga sita kabla hajatoka kitandani. Wakati ule ulimtazama mbega juu ya mti dakika kumi nzima, ukijiuliza kama anastahili moja yako.

Safari ile ya Sanje, namba kumi na tatu mpaka kumi na nane zilikuwa za Nickolaus Shilinde, bwana mifugo kijana, Msukuma wa Maswa aliyefikia kwa kaka yake kijijini Namawala. Kumi na tisa mpaka ishirini na nne zilikuwa za Kasmiri, karani, rafiki yake wa kula sahani moja.

"Nyie watu wa tambarare, mlima utawatoa roho!" Kandida alimtania Shilinde wakiwa wanapanda, kiatu mkononi.

"Nipe hicho kiatu nikubebee."

"Ubebe kiatu cha mwanamke, watu waseme nini?"

"Waseme wanachotaka. Wewe wasiwasi wako nini?"

Juu, maji yalinguruma hata mtu akipiga kelele husikii. Manyunyu yaliwalowesha nguo. Chini, bonde lote la Kilombero lilikuwa wazi, miwa upande huu, mpunga upande ule, hadi macho yanachoka. Kandida aliketi, akasimama, akamtazama Shilinde aliyekuwa ameinamia kamera tumboni. Alidhani anazungusha mkanda.

Wakati wa kushuka Shilinde alimsubiri nyuma.

"Kandida, picha yangu ya mwisho nimempiga mtu ninayetaka kumuoa."

"Ehee! Nani huyo?"

"Sisemi. Mdomo wangu mzito, unajua. Picha zikirudi, namba kumi na nane ndiyo barua yangu. Ukikubali, niambie. Ukikataa, nirudishie picha, tusisemeshane."

Usiku ule Kandida hakulala. Alimpenda kijana yule mpaka akawa anaona aibu kulitamka jina lake mbele ya watu.

Mkanda ulikuwa wa rangi, kwa hiyo ulipelekwa Morogoro kusafishwa. Kabla haujarudi, Shilinde akaitwa Maswa, baba yake hoi, na kazi akahamishiwa hukohuko. Kasmiri ndiye aliyezifuata picha, ndiye aliyezipanga, ndiye aliyeandika namba nyuma ya kila moja kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini. Sebuleni kwa Mwalimu, Kandida akapokea bahasha ya Shilinde.

Nyuma imeandikwa: *18. Shilinde.* Akaigeuza.

Digna. Digna na kofia yake, anacheka.

Kumbe barua ilikuwa ya Digna, na yeye kafanywa mshenga tu! Hakulia pale. Alilia njiani, akalia nyumbani, akalia wiki nzima. Barua za Shilinde zilipoanza kuja alizirudisha bila kufunguliwa, ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Kiburi bwana! Barua moja tu angefungua, mambo yangeishia hapo. Digna naye akaolewa Mahenge, hana habari ya lolote. Na Kasmiri alikuwepo. Alimletea mchele wa shambani kwao, alimuuguza baba yake Kandida, alisubiri. Mwaka wa tatu akaleta posa, wazazi wakapiga vigelegele.

Saa tisa ilipogonga, Kandida alikuwa dukani.

Picha ilikuwa bado mbichi, inachuruzika. Ni yeye, juu ya jiwe, kiatu mkononi. Lakini kilichomkata maini ni ule uso. Alikuwa anamtazama mpiga picha kwa namna ambayo hata mtoto angeelewa.

"Huyu aliyekupiga," Mzee Hermenegildi aliuliza polepole, "ndiye bwana harusi?"

"Hapana, mzee."

Mzee akajifanya anatafuta kitambaa cha kukaushia.

Kandida alimkuta Kasmiri uani kwao, anapaka rangi kitanda kipya cha harusi.

"Mke wangu mtarajiwa! Mbona unahema?"

Kandida akamwekea picha mbele. Kasmiri aliitazama, brashi ikamtoka mkononi.

"Nani kakupa?"

"Nega haidanganyi, Kasmiri. Ulichukua picha yako ya Digna, ukaiandika kumi na nane. Kweli au uongo?"

Kasmiri akainama kuokota brashi.

"Nakuuliza! Kweli au uongo?"

"Kweli."

"Ulijua maana yake?"

"Nilijua. Shilinde aliniambia kabla yako. Aliniamini." Akakaa chini, juu ya udongo. "Nilikupenda kabla yake, Kandida. Yeye alikuja na pikipiki ya serikali, mimi nilikuwa na baiskeli."

"Usinitanie!"

"Sitanii. Nilijua nimefanya dhambi. Kila Jumapili nikasema, wiki ijayo nitamwambia."

"Ile picha ya rangi uliichoma?"

Kasmiri akatoa pochi, na ndani, nyuma ya kitambulisho, ikatoka picha, kingo zimelika. Alikuwa ameibeba miaka mitatu.

"Nilisema siku utakaponitazama mimi hivi, nitaichana," alisema, machozi yanamtoka. "Hujanitazama hivi hata siku moja. Hata siku ya posa."

Kandida alikuja na matusi yote mdomoni. Hakupata hata moja la kutoa. Alimwonea huruma, na huruma ile ndiyo iliyomwonyesha kwamba ndoa hii haipo.

"Jumapili hatutatangazwa, Kasmiri."

"Najua."

"Utawaambia wazee wako mwenyewe."

"Nitawaambia. Hii ya rangi niachie kidogo tu."

Akamwachia.

Jioni ile alikwenda kwa padre, kisha kwa Mwalimu Dorotea, ambaye alisikiliza yote mkono shavuni.

"Yesu na Maria! Na mimi na daftari langu! Kila Krismasi Shilinde ananiandikia, Kandida hajambo? Namjibu, hajambo. Namba ya simu ya ofisi yao hii hapa, mwanangu. Asubuhi nenda."

Ijumaa, ofisi ya simu, foleni ndefu. Opereta akazungusha, akapiga kelele, akakatikiwa, akarudia.

"Haloo, Maswa! Mifugo? Ongeeni, dakika tatu!"

"Haloo?" Sauti ile ile nzito.

"Shilinde, ni Kandida."

Waya ulivuma tu.

"Shilinde, upo?"

"Nipo. Nimekaa kwanza."

"Nimeiona namba kumi na nane."

"Umeiona lini?"

"Jana."

"Jana? Kandida, hiyo ni miaka mitatu!"

"Najua. Niliyopewa mimi ilikuwa ya Digna. Nilibadilishiwa, nitakueleza. Na barua zako sikuzifungua, hilo ni kosa langu mwenyewe, sina wa kumsingizia." Akameza mate. Foleni nzima ilikuwa imetega masikio. "Umeoa?"

"Walinitafutia wawili. Nikawaambia bado nasubiri jibu Ifakara. Wakaniona mwehu."

Kandida akaanza kulia palepale, mbele za watu.

"Dakika tatu hizo!" opereta akaingilia.

"Dada, usikate!" Shilinde alipiga kelele hata foleni ikamsikia. "Kandida, hujajibu bado! Unakubali au unarudisha picha?"

"Nakubali! Nakubali, picha sirudishi!"

Mama mmoja wa Kiberege, ndoo ya dagaa kichwani, akapiga kigelegele, ofisi nzima ikaitikia.

Mwezi wa kumi, padre alisoma: "Nickolaus Shilinde wa Maswa, na Kandida wa parokia hii. Kwa mara ya kwanza." Watu waligeuka wakatazamana, minong'ono ikawa mingi, wengine walisema hili na lile. Kandida alitazama mbele.

Siku ya harusi Kasmiri hakuonekana, wala hakuna aliyemtegemea. Alituma bahasha tu kupitia kwa Mwalimu Dorotea. Maharusi waliifungua wakiwa wawili.

Ilikuwa ile picha ya rangi, kingo zimelika. Shilinde aliisogeza kwenye mwanga. Hakuwahi kuiona.

"Kumbe ulikuwa unanitazama hivi," alisema, "na mimi nilikuwa nakuogopa."

Kandida akaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko ule ule mzuri wa ofisini, wino bado mpya, Kasmiri alikuwa ameandika:

*18. Shilinde.*